Sura ya Nne: Kinachomsimamisha Baba

Tarehe 28 Machi 1882, Ufaransa ilipitisha sheria iliyoondoa somo la dini katika shule za msingi za serikali na kuweka mahali pake somo la maadili na uraia. Waziri wa elimu aliyeisukuma, Jules Ferry, hakuwa mtu wa kanisani, na wapinzani wake walimwona kama mtu aliyekuja kumfukuza Mungu darasani. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo mna kifungu ambacho wanaoilaumu hawakitaji sana: shule zifunge siku moja kila wiki, mbali na Jumapili, ili mzazi anayetaka mwanawe afundishwe dini apate wasaa wa kumpeleka, mradi isiwe ndani ya majengo ya shule. Siku iliyozoeleka ikawa Alhamisi.

Kwa vizazi kadhaa Alhamisi ikawa kweli siku ya katekisimu. Mapadri nao hawakulala. Walijua mtoto havutwi na maswali na majibu ya kukariri peke yake, wakafungua vilabu vya vijana, wakaanzisha maigizo, kambi na timu za mpira. AJ Auxerre, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1996, ilianzishwa na padri mwaka 1905. Kisha mwaka 1972 mapumziko ya katikati ya wiki yakahamishiwa Jumatano. Jumatano ya leo katika miji ya Ufaransa ni siku ya kuogelea, judo, piano, dansi na daktari wa meno. Katekisimu haijafa, ila sasa inagombea nafasi na mambo hayo yote, na ratiba ikibana ni rahisi kuikata.

Hakuna aliyewapokonya wazazi siku yao. Wameachiwa, wao wenyewe wakaijaza vitu vingine.

Ng'ambo ya mlango wa bahari mambo yalikwenda kinyume, matokeo yakawa yaleyale. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilizitaka shule za serikali za Uingereza ziwe na ibada ya pamoja kila siku, na takwa hilo halijafutwa hadi leo. Pamoja na hayo, sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales ilikuta asilimia 37.2 ya watu wakisema hawana dini, na kwa mara ya kwanza Wakristo wakawa chini ya nusu. Sheria iliyoitoa dini shuleni haikuimaliza imani, na sheria iliyoibakiza haikuiokoa. Ndiyo maana sura hii haitazungumzia sana serikali. Mzazi wa Kitanzania au Kikenya anayelea watoto Lyon, Reading au Oslo, akilalamika kwamba nchi za watu zinamharibia mtoto, mara nyingi anatafuta mwizi dirishani na huku vitu vimetolewa kwa mlango wa mbele, mchana, na wenye nyumba.

Mzazi huyo ana kisingizio kimoja cha haki. Yeye mwenyewe hakumwona mama yake akihangaika hivi. Aliyekulia Lamu, Unguja au Bagamoyo hakufunzwa kumcha Mungu na wazazi wake peke yao, maana mtaa ulifanya sehemu kubwa ya kazi. Adhana ikitoka, mwenye duka anaegesha mlango nusu, anaweka kiti kuziba njia, anakwenda zake msikitini. Mteja akija anaona kiti, anangoja. Ramadhani mtoto wa miaka sita aliyefunga nusu siku anajificha nyuma ya nyumba kula andazi, na si kwamba kuna askari anayemwinda. Jeneza likipita, waliokaa barazani wanasimama. Wanaume wanaingia chini yake, wanalibeba hatua chache, wanampokeza mwingine, wanarudi kwenye kahawa yao bila kusema neno. Kwenye misioni za Kikatoliki, kengele ya saa sita mchana iliita watu kwenye sala ya Malaika wa Bwana, na aliyekuwa shambani akashusha jembe.

Mtoto aliyeyaona hayo mara elfu moja hakuhitaji hotuba. Watu wazima, tena wenye shughuli zao na wanaopenda fedha kama watu wengine, waliacha walichokuwa wanakifanya. Kulikuwa na jambo lililowasimamisha.

Nadhani hapo ndipo mzizi wa kicho ulipo, na ndilo jambo pekee nililo nalo la kusema katika sura hii. Mtoto hana namna ya kumpima Mungu. Anayeweza kumpima ni baba yake, mama yake, mjomba wake: nini kinawafanya waache kazi, waache mazungumzo, wazime televisheni, wakatae fedha. Hicho ndicho kikubwa. Ukihamia mji ambao hakuna kinachosimama kwa ajili ya Mungu, kazi yote ya mtaa inakuangukia wewe, na hakuna aliyekwambia uwanja wa ndege kwamba mzigo huo nao umo.

Tuuangalie mfano mmoja ambao watoto wetu wa Uingereza waliuona kwenye televisheni. Tarehe 26 Aprili 2021, Leicester City walicheza na Crystal Palace jioni, Ramadhani ikiwa katikati. Kabla ya mechi, timu hizo zilikubaliana na mwamuzi. Jua lilipozama, mpira ukiwa kwa kipa wa Palace tayari kupiga golikiki, mchezo ulisimama kidogo. Wesley Fofana wa Leicester na Cheikhou Kouyaté wa Palace wakasogea pembeni, wakafuturu, wakarudi uwanjani. Ligi ile ina fedha nyingi kuliko bajeti za baadhi ya nchi, na kila dakika yake inauzwa. Ikasubiri watu wawili waweke kitu kinywani. Mtoto wa Kiislamu wa miaka tisa aliyeshuhudia hilo alipata somo ambalo huenda mwalimu wake wa madrasa alilitafuta mwaka mzima bila kumwingia.

Machi 2023 Shirikisho la Soka la Ufaransa liliwaandikia waamuzi wake kwamba mechi zisisimamishwe ili wachezaji wafuturu. Sitaki kuwafanya Wafaransa kuwa wabaya wa hadithi hii. Wana kanuni yao na wanaifuata bila kuficha. Lakini baba wa Kingazija anayelea watoto Marseille aelewe maana yake: uwanja hautamsaidia. Itabidi kitu kisimame nyumbani kwake.

Na nyumbani ndiko pagumu. Watoto hawafumbi macho wakati wa sala. Muulize yeyote aliyefundisha shule ya Jumapili, au jikumbuke mwenyewe: tuliambiwa tufumbe, tukachungulia, na tulichokuwa tunakichungulia ni nyuso za wakubwa. Sasa chukua meza ya chakula cha jioni. Wali umepakuliwa, mama anaomba. Simu ya baba inatikisika kando ya sahani. Baba anafumbua jicho moja, anaona jina la msimamizi wake wa kazi, anainuka polepole, anaashiria kwa mkono kwamba endeleeni, anapokelea kwenye korido. Hakuna dhambi kubwa hapo. Pengine ni zamu ya kesho inabadilishwa, na kodi ya nyumba inaitegemea zamu hiyo. Lakini mtoto mwenye jicho moja wazi ameshapata jibu la swali ambalo hakujua kuliuliza: kati ya hawa wawili waliokuwa wanazungumza na baba, yupi anaweza kungojeshwa?

Joseph Henrich, mtaalamu wa anthropolojia aliyechunguza jinsi imani zinavyopita kutoka mtu hadi mtu, aliandika mwaka 2009 kwamba mwanadamu anapojifunza kutoka kwa mwenzake huwa na tahadhari ya kuzaliwa nayo. Maneno hayana gharama, hivyo anayejifunza huangalia vitendo: je, msemaji anafanya jambo linalomgharimu, ambalo asingelifanya kama hasadiki? Anayesema uyoga huu haudhuru, naye akaula, anaaminiwa. Anayesema tu, huyo anasikilizwa kwa adabu. Wazee wetu hawakuhitaji makala ya kisayansi kulijua hilo, ila inafaa kwa wale wanaodhani tatizo la watoto wao litatatuliwa kwa video nzuri zaidi za visa vya manabii.

Tena kuna takwimu za kumpunguzia mzazi majivuno. David Voas na Alasdair Crockett walichambua data za Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 2005: wazazi wawili wenye dini wana nafasi kama nusu kwa nusu ya kuirithisha kwa mtoto, mzazi mmoja peke yake anafanikiwa nusu ya hapo, wasio na dini hurithisha kutokuwa na dini karibu bila kukosea. Hilo la mwisho ndilo la kutafakari. Kutoamini hakuhitaji mwalimu wala ratiba. Kumcha Mungu, katika mji wa aina hiyo, kunahitaji mtu akuone ukikufanya.

Mfano mzuri niliouona ulikuwa jikoni. Bibi mmoja wa Kichaga, Mlutheri, alikuja kumwona binti yake Reading. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, mikono imejaa utomvu, na saa yake ya kusoma neno ikafika. Akaacha ndizi zilivyo, nusu zimemenywa. Akajipaka mafuta kutoa utomvu, akanawa kwa sabuni, akarudia kunawa. Akavua aproni, akafunga kilemba upya mbele ya kioo cha mlango wa jiko. Mjukuu wake wa kiume, mwenye umri wa kuuliza kila kitu, alikuwa anamwangalia.

"Bibi, mbona unanawa hivyo? Si kitabu tu?"

"Ndicho hichohicho, baba. Njoo na wewe unawe."

Basi. Hakueleza. Wakasoma, yeye akitamka polepole na mjukuu akifuata kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kisha ndizi zikaendelea. Mtori ulichelewa na hakuna aliyelalamika. Katika nyumba za Waislamu jambo hilo lina sura yake: Msahafu unakaa juu ya marufaa, juu yake hakiwekwi kitu, haushikwi bila udhu, na mtoto anayeiacha juzuu sakafuni anasikia "eeh!" ya nyumba nzima kwa pamoja. Mwili unafundishwa kwanza, akili inakuja nyuma na maswali yake. Ndivyo ilivyo pia katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, ambapo mtoto anatarajiwa kuuliza maana ya amri ambazo wazazi wake tayari wanaziishi. Na Luqman, katika sura ya 31 ya Kurani, akimuusia mwanawe anaanza na kutomshirikisha Mwenyezi Mungu, anapita kwenye sala, na anamalizia na namna ya kutembea na kushusha sauti.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asidhani sura hii ni ya walioko ughaibuni tu. Kwetu jina la Mungu halijafukuzwa popote. Liko kwenye wimbo wa taifa, kwenye kioo cha daladala, kwenye bango la saluni, kwenye vipaza sauti vinavyoshindana mtaani usiku kucha. Nionavyo mimi, hiyo nayo ni njia ya kulipoteza. Mtoto anayefuatana na mama sokoni anamsikia muuzaji akila kiapo, "Haki ya Mungu, mimi mwenyewe nimenunua elfu tatu," na mama anajibu kwa kiapo chake, "Wallahi sina zaidi ya elfu mbili," na noti ya elfu kumi imo kwenye pochi, mtoto anaijua. Wanacheka, wanakubaliana elfu mbili mia tano. Jina lililotumika kushusha bei ya nyanya jioni haliwezi kumtetemesha mtoto huyo asubuhi kanisani. Ulaya mtoto anakua bila kulisikia. Huku anakua akilisikia kila mahali, na wala halimsimamishi mtu. Sijui kwa nini wahubiri wetu wanautaja mzaha wa wazungu zaidi ya viapo vya sokoni. Labda kwa sababu waumini ndio wauzaji.

Kuna kosa jingine, nalo ni la wazazi wenye bidii. Mtoto akichokoza mdogo wake: Mungu atakuchoma. Asipomaliza ugali: Mungu anakuona. Mungu anageuzwa kuwa mgambo wa nyumba, anaitwa mama akichoka. Mbinu hii inafanya kazi hadi miaka kumi hivi, hasa kama mtaa mzima unaitumia. Katika mji ambao mtaa hauitumii, mtoto anagundua mapema kwamba rafiki yake Oliver hali chakula chote, hajawahi kusali, na hajaungua. Waislamu wanaijua hadithi inayotaka mtoto aamrishwe sala akiwa na miaka 7, na fimbo isitajwe hadi afike 10. Wengi wetu tunakumbuka fimbo, tunaisahau miaka mitatu ya katikati, ambayo ni miaka ya kufundishwa, kuongozwa na kukosea bila adhabu.

Vern Bengtson, mwanasosholojia wa Marekani, alianza mwaka 1970 kufuatilia familia zaidi ya 350 za kusini mwa California, vizazi hadi vinne, watu zaidi ya 3,500, kwa miaka 35. Kitabu chake kilichotoka mwaka 2013 kilikuwa na jibu lililowashangaza walimu wengi wa dini. Mzazi kuwa mkali wa dini hakukutosha kurithisha imani. Kilichobeba uzito ni ukaribu: mtoto kuhisi kwamba anapendwa, na hasa kwamba baba yake ana moyo wa joto kwake. Baba mcha Mungu aliyejitenga na mwanawe na asiye na joto kwake alirithisha kidogo kuliko alivyotarajia. Kwa jamii zetu, ambako baba wengi wamezoea kuwa watu wa kuogopwa na kuachiwa kiti chao, habari hiyo si nyepesi.

Na mtoto asidanganywe kuhusu majirani. Nimesikia wazazi wakiwaambia watoto kwamba watu wasio na dini hawana maadili, wanaishi kama wanyama. Kesho yake mtoto anakwenda shule na kufundishwa na mwalimu asiyeamini chochote, mkweli, mwenye subira, anayebaki baada ya kengele kumsaidia kusoma. Mtoto haamui kwamba mwalimu ni mnyama. Anaamua kwamba baba hajui anachosema, na akishalipata shimo moja kwenye maneno ya baba atayapima yote upya. Ni afadhali aambiwe kweli: watu wema wako kila mahali, na sisi tunamcha Mungu kwa sababu ni Mungu, si kwa sababu tunawashinda majirani.

Kitu gani kisimame, basi? Siwezi kumchagulia mtu, kwa kuwa gharama za nyumba hazifanani. Ninachoweza kusema ni kwamba kiwe kidogo, kiwe cha kudumu, na kiumize kidogo. Uingereza ligi nyingi za mpira wa watoto huchezwa Jumapili asubuhi, na mzazi Mkristo mwenye mtoto mwenye kipaji anakutana na swali hilo mapema kuliko alivyodhani. Ovataimu ya Jumapili hulipa zaidi. Mchana wa Ijumaa msimamizi hapendi kutoa ruhusa. Kila baba atakata pale anapoweza kukata, ila asikate kimyakimya. Kama ameiacha zamu ya Jumapili na ndiyo sababu safari ya likizo imefutwa, watoto wajue, waambiwe kwa sauti ya kawaida, bila kujitukuza. Na kama haiwezekani kuacha zamu, kwa sababu kodi ni kodi, basi kisimame kitu kingine: dakika kumi za jioni ambazo simu zote zinalala kwenye droo, ya baba ikitangulia.

Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuwa nyota wa Houston Rockets, alifunga Ramadhani iliyoanza Februari 1995 huku akicheza mpira wa kikapu wa kulipwa, na ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi huohuo. Wazazi hupenda kumalizia kisa hicho hapo, kana kwamba ukifunga utashinda. Mimi ningewaomba wamwambie mtoto kwamba Olajuwon angefunga hata kama angekosa kila mpira. La sivyo tunamfundisha biashara.

Inabaki ile siku ambayo kijana wa miaka kumi na tano anasema haendi. Hagombani, anasema tu kwamba amechoka, na haamini. Siku hiyo baba wa kwetu hupatwa na hofu ya mambo mawili, Mungu na watu watakaouliza huko ibadani, na mara nyingi ya pili ndiyo inayompandisha sauti. Bengtson alikuta katika familia zake vijana walioondoka na baadaye wakarudi, na waliorudi walikuwa hasa wale ambao wazazi wao walisubiri bila kuwafungia mlango. Kwa hiyo baba aoge, avae, aende kama kawaida, asilitaje jambo hilo akiwa anafunga viatu. Asiache kwenda ili kubaki kubishana. Akirudi asitoe muhtasari wa mahubiri au hotuba kwa sauti ya kumlenga mtu aliye chumba cha pili. Na chakula cha mchana siku hiyo kiwe kilekile kwa wote wawili, saa ileile, pamoja na kipande cha nyama ambacho kijana huyo hukipenda.